Droni Yangu na Kaburi la Mzee Budeba

Mliniacha nimelala kifudifudi kwenye tuta la mfereji, rimoti imenibana kifuani, naitazama ndege ya kunyunyizia dawa ikigeuza na kurudi Mbeya bila kumwaga hata tone.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, mambo ni haya. Ndege ile ilikuja Chimala kuua kwelea kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, waliokuwa wanalala kwenye matete, jirani na mashamba ya mpunga. Droni yangu ilikuwa angani, juu kuliko inavyoruhusiwa. Rubani akaiona mbele ya pua yake, akakwepa, akaondoka.

Kikomo cha droni ile ni mita mia moja na ishirini. Mimi nilifunga safari hadi Ipogolo, pale Iringa, nikamwomba fundi mmoja aitwaye Anania akiondoe kikomo hicho kwenye programu yake. Alikiondoa kwa dakika ishirini, tunakunywa soda na kupiga soga. Kuanzia hapo droni ikawa haina wa kuizuia isipokuwa mimi, na mimi mnanijua. Siku ile ya ndege niliipandisha nikiwa na hamu ya kuliona kundi la kwelea kutoka juu. Ilifika mita ngapi hasa, sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu Hanifa.

Na mkumbuke kwamba mji mzima ulijua droni yangu ilikwishakufa. Niliwatangazia mwenyewe kuwa iliangukia mferejini kwenye harusi kule Igawa. Nilidanganya kwa sababu Lugano, aliyenifundisha kuirusha, alikuwa ananikalia kooni niiandikishe na kuomba kibali.

Msomaji mmoja wa Makambako amenitumia ujumbe: "Kaka Zubery, ndege ilirudi salama na hakufa mtu. Sasa unalia nini kila wiki?"

Kaka yangu wa Makambako, kaa kitako.

Kesho yake tulisikia kwamba unyunyizaji umesimamishwa mpaka ijulikane ni kitu gani kilichokuwa angani na ni cha nani. Wenye ndege hawakuwa tayari kumrudisha rubani wao mahali penye hatari asiyoijua. Huwezi kuwalaumu.

Kwelea hawakusubiri uchunguzi. Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza umejaa maziwa, na wao huwa wanaupenda ukiwa vile. Walishuka asubuhi, wakashuka jioni, na mlio wao ulisikika mpaka barabara kuu.

Shamba lililokuwa karibu zaidi na matete lilikuwa la Makoye.

Makoye ni Msukuma. Familia yao ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini miaka mingi iliyopita, wakatua huku Usangu, wakaongeza na kilimo cha mpunga. Mimi babu yangu ni Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja kuuza nguo akasahau kurudi. Mzaramo na Msukuma ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza Makoye hajaniita Zubery. Ananiita mtani. Simu yake ikiharibika analeta kwenye kibanda changu, natengeneza, ananitukana, namtukana, tunaagana. Hatujawahi kugombana kwa sababu kwetu sisi hakuna neno linaloweza kuudhi.

Unyunyizaji uliposimama, Makoye aliitoa familia nzima kwenda kuamia ndege. Mkewe Veronika alipiga debe. Wadogo zake walikimbia kwenye matuta na matambara. Na baba yake, Mzee Budeba, mwenye miaka sabini na nne, akasema hawezi kukaa nyumbani kama mgonjwa wakati ndege wanakula jasho la mwanawe. Akachukua kombeo lake na madongo, akapanda juu ya dungu.

Dungu lenyewe ni miti minne na ubao, urefu wa watu wawili. Mzee alikaa juu siku tatu akirusha madongo na kuwatukana kwelea kwa Kisukuma.

Siku ya nne ubao ulivunjika.

Simu ya kwanza Makoye alisema, "Mtani, mzee kadondoka." Simu ya pili, saa mbili baadaye, alisema, "Mtani, njoo utuzikie."

*

"Utakwenda?" Hanifa aliniuliza.

"Mimi ndiye mtani wao. Nisipoonekana wataniuliza."

"Utakwenda kuchezacheza juu ya kaburi la mtu ambaye..."

Hakumalizia. Alikuwa anamsuka mtoto wetu Nasrin, na vidole vyake havikusimama.

"Malizia tu," nikasema. "Ambaye nimemuua."

"Hilo nimelisema mimi?" Akamwinua Nasrin, akamwambia akacheze nje. Kisha akanigeukia. "Wewe ulimsukuma yule mzee?"

"Hapana."

"Ulimwambia apande?"

"Hapana. Lakini ndege ingenyunyiza jioni ile, kwelea wangekwisha, mzee asingepanda."

"Na rubani angeweza kuzunguka akarudi, hakurudi. Na wakubwa wangeweza kumtuma tena kesho yake, hawakumtuma. Na fundi wako wa Ipogolo angeweza kukataa, hakukataa. Mbona wao wanakula na kulala?"

Nisiwafiche wasomaji wangu, maneno yale yalinikaa vizuri. Nikaanza kugawa lawama kama sinia la pilau. Kipande cha rubani, kipande cha wakubwa, bonge zima la Anania. Hata marehemu nilimpa chake, kwa nini mzee wa umri ule apande juu? Mwisho kwangu kikabaki kijiko kimoja.

Kisha Hanifa akaharibu kila kitu. "Isitoshe," akasema, "wamekwishamkamata mtu wao."

"Nani?"

"Hujasikia? Lugano. Wamemchukua jana na droni yake. Watu walimwona asubuhi ya siku ile akirusha pale pale mferejini."

Nikaketi juu ya kitanda.

Lugano ni Mnyakyusa wa Tukuyu, kijana mpole, anapima mashamba ya umwagiliaji kwa droni, na kibali anacho. Asubuhi ile alikuwa kazini kwake kihalali. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kushika rimoti, bure, jioni baada ya jioni. Na kila jioni aliniambia neno moja: "Zubery, ukifika mia na ishirini, huko juu siyo kwako. Kuna wenyewe." Nilikuwa namcheka. Nilimwita shehe wa droni.

Hanifa aliinama, akavuta boksi jeusi kutoka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na droni, rimoti, betri mbili, na ile memori kadi yenye video ya siku ile, ndege ikitokea kushoto na kuinama ghafla.

"Na hili?" akauliza. "Nifanye nalo nini?"

Mwanaume mwingine angesema litupe, au angesema nipe nilipeleke kituoni. Mimi nilivaa kofia yangu.

"Fanya unavyoona," nikamwambia, nikatoka.

*

Msibani kwa Makoye nilikuta watu wasiopungua mia mbili chini ya maturubai. Hanifa alinifuata nyuma na khanga zake, akaenda kukaa na wanawake.

Makoye alinipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu, sauti imekauka.

"Mtani, umekuja."

"Nimekuja kuhakikisha mmemfunika vizuri asirudi."

Akatabasamu kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Kisha akanivuta pembeni na tabasamu likaisha.

"Yule mtoto wa Kinyakyusa ameniulia baba," akasema kwa sauti ya chini. "Unajua Mzee alivyompenda? Alipokuja kutupimia majaruba, Mzee alimpa maziwa. Alimkalisha kwenye kiti chake."

"Pengine si yeye, Makoye."

"Nani mwingine? Hapa Chimala nani mwingine ana lile dude?" Akaniangalia usoni, nami nikaangalia viatu vyangu. "Nimewaambia wadogo zangu. Wakimwachia, asilale hapa. Tutamsubiri barabarani."

Wadogo zake watatu walikuwa wamesimama nyuma yake. Mmoja alikuwa amebeba jembe la kuchimbia kaburi, na sikupenda alivyolishika.

Hapo Veronika akaja na koti la marehemu, kofia yake ya manyoya na lile kombeo. "Shemeji," akaniambia, "Mzee alisema siku akifa, mtani wake avae koti hili awachekeshe watu. Alisema hataki kilio kirefu."

Aliyesema hivyo ni Mzee Budeba, mwezi wa tatu, mbele yangu, akicheka. Nilivaa koti. Lilinuka tumbaku na samli.

Wanaotoka sehemu nyingine za nchi huenda hawajui kazi ya mtani msibani. Mtani anamwiga marehemu, anamsema vibaya, anawazuia wasizike mpaka wampe kitu. Anaweza kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia, kwa kuwa kazi yake ni kuwapumzisha wafiwa. Nimefanya kazi hiyo misiba mingi na nina jina.

Nikaanza. Nikatembea kama Mzee, mguu mmoja ukiburuta. Nikarusha dongo la hewa kwa kombeo, nikapaza sauti yake: "Wewe Makoye! Kwelea wanakula mpunga, na wewe unakula ugali! Nani kati yenu nimpige kwanza?"

Wakacheka. Hata bibi mmoja aliyekuwa analia tangu jana alifuta kamasi akacheka. Nikaenda mpaka ukingoni mwa kaburi nikaruka ndani, nikalala chali.

"Siwapi nafasi!" nikapaza sauti. "Hapa nimelala mimi. Mwenye maiti yake atafute shimo lingine!"

Kicheko kikazidi. Mle ndani udongo ulikuwa baridi. Juu yangu niliona kipande cha anga tu, na vichwa vyao vikichungulia. Siku ile ya ndege mimi ndiye niliyekuwa huko juu nikiwaangalia wao, wadogo kama siafu, na nakumbuka nilifurahi mno.

Makoye akainama. "Haya mtani, sema bei. Tukupe nini utoke? Jogoo?"

"Sitaki jogoo."

"Beberu?"

"Sitaki beberu. Nataka mnisikilize." Nikaketi mle mle. "Mzee huyu nimemuua mimi."

Watu walipasuka kwa kicheko.

"Kweli nawaambia! Ile droni iliyoifukuza ndege ni yangu! Lugano hana kosa, mwachieni!"

Makoye alishika mbavu zake. "Droni yako si ilikufa Igawa, mtani? Au imefufuka?"

"Haikufa. Niliwadanganya."

"Eee Mzaramo!" akapiga kelele mzee mmoja. "Anataka kubeba hata dhambi ya Mnyakyusa ili apewe ng'ombe!"

Wakaninyanyua kwa mikono, wanacheka, machozi yanawatoka. Makoye akanikumbatia kifua kwa kifua. "Mtani," akaninong'oneza, "tangu juzi sijacheka. Mungu akulipe." Akanikabidhi jogoo, na kombeo la baba yake akasema nikae nalo.

Katika watu wote wale ni mmoja tu ambaye hakucheka. Hanifa alisimama katikati ya wanawake, akakung'uta khanga yake, akaelekea barabarani bila kungoja mazishi.

Nilirudi kwenye mkeka nikajitetea moyoni. Nimesema. Nimeungama mchana kweupe mbele ya watu mia mbili. Wasiponiamini kosa langu ni nini?

Lakini gazeti hili ndilo mahali pekee ninaposema ukweli, basi niuseme wote. Ningeweza kumwita Makoye nyuma ya zizi nikamwambia taratibu, uso kwa uso, bila koti la baba yake mwilini mwangu. Nilichagua kaburini kwa sababu nilijua kwamba kaburini hakuna atakayeniamini.

*

Hanifa hakunisemesha usiku ule, nami sikuinama kuangalia chini ya kitanda. Asubuhi Makoye alisimamisha pikipiki yake mbele ya kibanda changu.

"Panda, mtani. Tunakwenda kituoni."

Nilidhani ameelewa. "Kufanya nini?"

"Afande anataka mtu anayejua mambo ya haya madude, amweleze. Nimemwambia fundi ninaye. Wewe si ulikuwa nayo? Utaeleza, utasaini, yule kijana apelekwe mahakamani tumalize."

Nilipanda.

Njia nzima Makoye alikuwa anapiga stori kwa sauti ya juu kuushinda upepo, jinsi watu wanavyolisimulia lile tukio langu la kaburini kila kona. Tulipopita kando ya shamba lake alipunguza mwendo. Mashuke yalikuwa yamesimama wima, meupe, hayana kitu ndani. Dungu lilikuwa bado pale, ubao unaning'inia.

Kituoni tulimkuta Afande Kalinga, mtu wa makamo, mezani kwake kuna jalada moja na kikombe cha chai. Kwenye benchi la ukutani aliketi Lugano. Hakuwa na viatu wala mkanda. Midomo ilikuwa imempasuka kwa baridi au kwa kitu kingine, sikuuliza.

"Zubery," akasema, na uso wake ukang'aa. "Ndaga, asante ndugu yangu. Afadhali umekuja. Waeleze. Waeleze mimi napima kwa mita sitini, sijawahi kuzidisha."

Alidhani nimekuja kumtetea. Yaani alifurahi kuniona. Nimefanya mabaya mengi katika simulizi hii, na mnayajua, lakini hakuna lililonichoma kama furaha ya Lugano asubuhi ile.

"Keti, fundi," Afande akaniambia. "Hili jambo si dogo. Ndege ingeanguka tungekuwa tunaongea mengine. Rubani ameandika maelezo yake, na kimo cha hicho chombo amekiandika. Namba hiyo ninayo mimi humu." Akagonga jalada kwa kidole. "Hajaambiwa mtu, hata huyu mfiwa. Sasa wewe nieleze kwanza, hapa Chimala nani wana droni?"

Nikavuta pumzi. Hapakuwa na koti la Mzee wala kaburi la kujificha.

"Mimi," nikasema. "Ile ya siku ile ni yangu."

Makoye akaangua kicheko mpaka akapiga meza, chai ikamwagika. "Afande umsamehe! Huyu ni mtani wetu, jana alilala kaburini na maneno haya haya. Mtani, basi! Hapa ni kwa serikali!"

Afande akatabasamu, akafuta chai kwa kitambaa. "Najua utani. Mimi Mhehe, ninao Wangoni wangu wa kunisumbua. Lakini hapa si msibani, fundi. Sema ya maana."

"Sitanii, Afande. Wallahi sitanii. Nina ushahidi. Droni iko nyumbani kwangu, chini ya kitanda, na video iko kwenye memori kadi yake. Ndege inaonekana kabisa."

Tabasamu la Afande likapungua. "Nani yuko nyumbani?"

"Mke wangu."

"Mpigie. Weka spika."

Simu iliita mara nne.

"Hanifa, mimi. Lile boksi jeusi lipo chini ya kitanda?"

Nyuma yake nilimsikia Nasrin akiimba.

"Boksi gani, Baba Nasrin?"

"La droni, Hanifa. Niko kituoni. Afande anasikiliza. Sema tu ukweli."

"Droni?" Sauti yake ilikuwa laini, kama anamsemesha mgonjwa. "Droni si ilikufa Igawa, mume wangu? Hapa hakuna boksi. Labda uchovu wa msiba. Mimi nafanya ninavyoona. Si ndivyo ulivyoniambia?"

Akakata.

Nikaelewa. Alipotoka msibani jana alikwenda moja kwa moja nyumbani kuwasha jiko. Kadi ndogo kama ukucha haihitaji moto mkubwa, na boksi halikosi pa kutupwa. Nilimwachia jambo ambalo lilikuwa langu kulifanya, akalifanya.

"Hata mkewe anamkana!" Makoye alisema akijifuta macho. "Mtani wewe, utaniua. Haya, imetosha, tumecheka."

Afande akanisogezea karatasi na kalamu. "Andika jina lako. Chini yake andika kwamba kwa ujuzi wako, chombo cha namna hii hapa Chimala anacho Lugano peke yake, kwa kuwa chako kiliharibika. Saini. Mengine utatuachia sisi."

Nikaishika kalamu.

Nilikuwa nimekwishasema mara mbili, kaburini na kituoni, na mara zote mbili wamecheka. Ushahidi hakuna. Nyumbani nina mtoto. Nani angenilaumu? Nikaandika Z, nikaandika u.

"Zubery."

Alikuwa Lugano. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. Alikuwa ananiangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani nikishika rimoti vibaya.

"Kwenye skrini yako," akasema polepole, "ilisomeka mita ngapi?"

Makoye akaguna. Afande akainua kichwa.

Swali lile ni la mrushaji kwa mrushaji. Lugano peke yake, katika wote wale, hakuwa na utani na mimi. Na nililiona jibu la uongo likiwa tayari mdomoni. Ningesema mia mbili. Namba isingelingana na ya jalada, Makoye angecheka tena, ningesaini, ningerudi Chimala mchana ule nikiwa mtu huru, na Lugano angebaki kwenye benchi lile mpaka siku wale vijana watatu watakapomsubiri barabarani.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya kombeo la Mzee Budeba.

"Mia nne na kumi," nikasema.

Lugano akafumba macho, midomo ikacheza akihesabu. "Afande, hizo kwa futi ni elfu moja, mia tatu, arobaini na kidogo. Wao marubani wanaandika kwa futi."

Afande Kalinga alilifungua jalada. Kidole chake kikashuka taratibu kwenye ukurasa, kikasimama. Hakusoma kwa sauti. Alilifunga tena, akaichukua ile kalamu mkononi mwangu, akaiweka upande wake wa meza.

"Namba hii amekupa nani?" akaniuliza.

"Ilikuwa mbele ya macho yangu, Afande. Niliitazama ikipanda."

Makoye alikuwa bado na kicheko mdomoni. Alimwangalia Afande, akaliangalia jalada, akaniangalia mimi, na kicheko kile kilikaa hivyo hivyo bila sauti kwa muda, kisha kikaisha.

"Mtani," akaanza. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kuniita kwa jina langu, wala sikujua kama analijua.

"Zubery," akasema. "Hebu rudia."